Namna ya Kudai Fidia kwa Bega Lililoumizwa Wakati wa Kuchomwa Chanjo: Mwongozo kwa Mkazi wa Dodoma

Mtu anayechomwa chanjo begani hutarajia mkono uume siku moja au mbili, na kwa walio wengi mambo huishia hapo. Mwongozo huu unamhusu yule ambaye siku ya kumi bado hawezi kuinua mkono kufunga kilemba, mwezi wa tatu hawezi kulalia ubavu ule, na mwezi wa sita anaambiwa na daktari kwamba bega limeganda. Kitaalamu tatizo hili hujulikana kwa kifupi cha SIRVA, yaani jeraha la bega linalohusiana na utoaji wa chanjo. Sindano ikichomwa juu mno, karibu na ncha ya mfupa wa bega, dawa inaweza kuingia katika kifuko cha ute kilicho chini ya mfupa huo, au katika kano za kiungo, badala ya kuingia kwenye nyama ya msuli, na mwili hujibu kwa uvimbe mkali ndani ya bega lenyewe.

Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo litakalobeba shauri lako lote. Ukienda mahakamani kuilaumu chanjo, utalazimika kubishana na ushahidi mwingi wa kitaalamu unaoonyesha kwamba chanjo hiyo ni salama, na sioni namna utakavyoshinda. Ukienda kuulaumu mkono uliochoma, unabaki na swali dogo linaloweza kujibiwa kwa ushahidi: sindano iliingia wapi, na mhudumu mwangalifu angeichoma wapi?

Mfuko wa Marekani na hali ya hapa kwetu

Wengi wanaofika kuomba ushauri wameshasoma kwenye intaneti habari za watu waliolipwa maelfu ya dola kwa jeraha kama hili, na huuliza fomu inapatikana ofisi gani. Habari hizo ni za kweli, ila ni za Marekani. Huko, kwa sheria ya mwaka 1986, kuna mpango wa taifa wa kuwafidia walioumizwa na chanjo, unaoendeshwa kwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi inayotolewa. Jeraha la bega liliingizwa katika jedwali la mpango huo, yaani orodha ya madhara yanayofidiwa na vigezo vyake, mwaka 2017, na mdai halazimiki kuthibitisha kwamba mtu fulani alifanya uzembe. Anachotakiwa ni kuonyesha kwamba anatimiza vigezo, kwamba madhara yamedumu zaidi ya miezi 6, na kwamba amewasilisha ombi ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Hata huko, malipo ya maumivu na mateso hayavuki dola 250,000.

Mfuko wa taifa wa namna hiyo haupo Tanzania. Kwa chanjo za UVIKO-19 zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, uliwekwa utaratibu wa kimataifa wa fidia bila kuthibitisha uzembe kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, lakini ulilenga kifo na ulemavu wa kudumu, kiwango ambacho bega linalouma na kupona polepole halikifikii. Mtumishi wa afya aliyechomwa chanjo ya homa ya ini kwa matakwa ya kazi yake ana mlango mwingine wa kubisha, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na usiodai uthibitisho wa uzembe. Huyo na amjulishe mwajiri wake kwa maandishi mara moja, bila kusubiri kuona kama bega litapoa. Sisi wengine tunabaki na njia ya kawaida ya madai ya uzembe, ambamo anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunjwa huko ndiko kulikoleta jeraha.

Hata hivyo, jedwali la Wamarekani lina faida kwetu. Halifungi mahakama yoyote ya Tanzania, lakini vigezo vyake vinne ni maswali yale yale ambayo wakili wa upande wa pili atakuuliza kizimbani. Je, bega hilo lilikuwa zima kabla ya sindano? Je, maumivu yalianza ndani ya saa 48? Je, maumivu na ugumu viko katika bega lile lile lililochomwa tu? Je, hakuna ugonjwa mwingine unaoweza kueleza hali hiyo? Jalada lako lijengwe kujibu maswali hayo manne, kwa karatasi na si kwa maneno.

Wiki za mwanzo

Siku unayogundua kwamba maumivu hayapungui, rudi kituo kile kile ulichochomwa, hata kama moyo haupendi. Unarudi kwa sababu mbili: upate matibabu, na malalamiko yako yaandikwe kwenye jalada la mgonjwa yakiwa na tarehe. Mgonjwa anayekaa nyumbani akijikanda kwa maji ya moto miezi minne kisha akaenda hospitali anakuwa ameipa upande wa pili zawadi kubwa, kwani hakuna maandishi yanayoonyesha maumivu yalianza lini. Mwambie daktari aandike maneno kamili, yaani tarehe ya chanjo, bega lipi, maumivu yalianza saa ngapi baada ya sindano, na mkono unainuka hadi wapi. “Maumivu ya bega” peke yake hayatoshi.

Nakili kutoka kwenye kadi aina ya chanjo, tarehe, namba ya toleo la dawa na jina au saini ya aliyechoma. Kadi halisi usiiachie ofisi yoyote. Ipige picha, kisha toa nakala.

Kituo kinapaswa pia kujaza fomu ya taarifa ya maudhi yaliyotokea baada ya chanjo, ambayo hupitia kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri, na mwananchi mwenyewe anaweza kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, yenye makao makuu hapa Dodoma. Taarifa hiyo haikuletei shilingi hata moja, lakini ni karatasi ya kiserikali yenye tarehe, iliyoandikwa wakati hujafikiria kushitaki. Hakimu anayeisoma miaka miwili baadaye anaona kwamba hukutunga.

Andika pia kumbukumbu ya namna ulivyochomwa, ukiwa bado unaikumbuka. Kwa kawaida sindano ya begani huchomwa kwenye nyama nene ya msuli, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Makosa hutokea kwa urahisi pale mgonjwa anapovaa gauni la mkono mwembamba, akashindwa kupandisha mkono wa nguo, akavuta shingo ya gauni kuteremsha begani, na mhudumu aliyesimama juu yake akachoma pale palipojitokeza. Ulikuwa umekaa au umesimama? Mhudumu je? Nguo ilipandishwa au iliteremshwa? Aliipapasa ncha ya mfupa kwanza? Nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni?

Namkumbuka mama mmoja, mkulima wa zabibu wa upande wa Mpunguzi, aliyejikata kwa mkasi wa kupogolea na kuchomwa chanjo ya pepopunda. Alikuja akiwa na bahasha ya vyeti vya hospitali, akaketi akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayebeba mtoto. “Mwanangu,” aliniambia, “mzabibu unapogolewa mikono ikiwa juu. Mimi wangu unaishia kifuani.” Vyeti vyake vilikuwa vizuri, lakini hakuna kilichosema sindano iliingia wapi. Kilichosaidia ni simu ya binti yake. Jioni ile ya chanjo alikuwa amempiga mama yake picha na kuituma kwenye kundi la familia ili ndugu wampe pole, na katika picha hiyo plasta ndogo nyeupe inaonekana wazi, imebandikwa juu kabisa ya bega, pale mfupa unapoanza kuteremka. Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu namuuliza kwanza habari za picha, ndipo vyeti. Kama unayo, usiifute kwenye simu baada ya kuichapisha, kwani simu yenyewe, au maelezo ya aliyepiga picha, yatahitajika ili picha ipokelewe kama ushahidi.

Daktari wa kukutazama na jalada lako la hospitali

Daktari wa zamu atakupa dawa za maumivu, na ni sawa kwa kuanzia. Kwa ajili ya shauri unahitaji daktari bingwa wa mifupa, na kipimo kinachoona ndani ya nyama, yaani ultrasaundi ya bega au MRI, kwa kuwa picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa tu na itarudi na jibu kwamba hakuna tatizo. Rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, au hospitali nyingine yenye bingwa, iombwe mapema. Hudhuria mazoezi tiba yote uliyopangiwa, na kila mara umwombe mtaalamu aandike nyuzi ambazo mkono unafikia. Mgonjwa anayeacha mazoezi huambiwa mahakamani kwamba ameliacha bega ligande kwa uzembe wake mwenyewe, na fidia hupunguzwa.

Mwenye kisukari aseme mapema kwamba ana kisukari. Bega kuganda ni jambo linalowapata wagonjwa wa kisukari hata bila sindano yoyote, na upande wa pili utalileta. Ni afadhali bingwa wako alieleze yeye mwenyewe katika ripoti, akitaja kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48 katika bega lililochomwa, kuliko likaibuka siku ya mahojiano ya wakili.

Kisha omba kwa maandishi nakala ya jalada lako. Baadhi ya vituo hujibu kwamba jalada ni mali ya hospitali. Karatasi zinaweza kuwa zao, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake, na kuitaja sheria hiyo katika barua hubadilisha mazungumzo. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, ambayo watu wengi huikimbilia, haina kazi hapa, labda kama unadai kwamba uliumizwa kwa makusudi.

Ukipenda, unaweza pia kumlalamikia mhudumu kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, au daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza hayo yanaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili, lakini hayatoi fidia. Binafsi sipendi kuanza huko kwa jeraha la namna hii. Muuguzi aliyechoma watu themanini siku hiyo, akakosea kwa upana wa vidole viwili, si lazima apoteze kazi ili wewe upate nauli ya mazoezi tiba, na mlalamikiwa anayeogopa kufutwa hawezi tena kuwa shahidi mkweli.

Nani wa kushitakiwa, na wapi

Hapa ndipo madai mengi mazuri hufia, kwa mapingamizi ya awali, kabla hata bega halijatajwa.

Zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri, iwe ya Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa au nyingine. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Zote hizo zinaangukia kwenye Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2020, na sheria hiyo ina mambo matatu yasiyo na huruma. La kwanza, huwezi kufungua shauri kabla ya kutoa taarifa ya siku 90 kwa taasisi husika, yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. La pili, Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe kama mdaiwa, na usipomuunganisha mwenendo wote unabatilika. La tatu, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo hapa kwetu ni Kanda ya Dodoma, na si mahakama ya wilaya.

Taarifa yenyewe haihitaji maneno makubwa. Iandikwe kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu, na ieleze msingi wa dai kwa namna ambayo msomaji wa masijala ataielewa bila kukupigia simu:

“Ninatoa taarifa kwamba, baada ya kupita siku 90 tangu kupokelewa kwa barua hii, nitafungua shauri la madai dhidi ya Halmashauri yako na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tarehe iliyotajwa hapo juu, katika kituo chako cha afya, nilichomwa chanjo ya pepopunda bega la kulia. Mtumishi wako, akiwa kazini, alichoma sindano kwenye kiungo cha bega, juu ya sehemu inayotakiwa. Maumivu yalianza usiku wa siku hiyo na hayajaisha. Kwa uzembe huo nimepata uvimbe wa kifuko cha ute na bega kuganda, kama ripoti ya daktari iliyoambatanishwa inavyoonyesha. Ninadai gharama za matibabu, kipato nilichokosa na fidia ya maumivu.”

Mkazi wa Dodoma ana nafuu moja ambayo mtu wa Kigoma hana, kwani ofisi nyingi kati ya hizi anaweza kuzifikia kwa daladala. Peleka barua kwa mkono, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 90 utazithibitisha kwa muhuri huo, na hakuna kumbukumbu ya mtu wa masijala itakayoziba pengo lake.

Kama ulichomwa hospitali ya dini, mdaiwa kwa kawaida ni wadhamini waliosajiliwa wa taasisi hiyo, kwa jina lao kamili kama lilivyosajiliwa, kwa sababu jina lililo kwenye kibao cha getini mara nyingi si mtu mbele ya sheria. Hospitali ya kampuni hushitakiwa kwa jina la kampuni. Kwa hao siku 90 hazihusiki, ila anza na barua ya madai yenye muda wa kujibu. Shauri lao linaweza kufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, maadamu kiasi mahususi unachodai hakizidi shilingi milioni 200.

Kuhusu muda, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Watu huisikia miaka hiyo 3 wakalala. Sheria hiyo hiyo ina kipengele cha mwaka mmoja kwa fidia inayotokana na jambo lililotendwa, au lililoachwa kutendwa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa, na wakili wa Serikali mwenye bidii anaweza kudai kwamba chanjo ya umma inaangukia humo. Huenda akashindwa hoja hiyo, lakini kwa nini umpe nafasi? Kwa kituo cha umma, panga mambo yako kana kwamba una mwaka mmoja: taarifa ya siku 90 iwe imeshapokelewa kabla ya mwezi wa nane kwisha.

Kiasi cha kudai, na kusuluhishana

Fidia mahususi ni ile unayoweza kuihesabu: dawa, vipimo, nauli, mazoezi tiba, vibarua uliowalipa na kipato ulichokosa. Itajwe kwa tarakimu katika hati ya madai na ithibitishwe kwa risiti, moja baada ya nyingine, kwani mahakama zetu ni kali sana juu ya hilo. Asiye na hati ya mshahara asikate tamaa. Mkulima wa zabibu anaweza kuleta stakabadhi za mauzo za chama cha ushirika za msimu uliotangulia na wa msimu wa bega, na maelezo ya vibarua waliopogoa badala yake. Dereva wa bodaboda anaweza kuleta mkataba wake na mwenye pikipiki na miamala ya simu. Fidia ya jumla, ya maumivu na kupungukiwa na raha ya maisha, huachwa kwa busara ya mahakama, nawe uijenge kwa mambo ya kawaida yanayoaminika: huwezi kuchota maji, huwezi kumbeba mtoto, unavalishwa.

Wakili anahitajika, hasa Mahakama Kuu. Usiyemudu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakuhusu: waulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika halmashauri yako, au Chama cha Wanasheria Tanganyika.

Kabla ya kusikilizwa, shauri la madai hupelekwa kwenye usuluhishi, na mengine humalizika kwa barua hata kabla ya kufunguliwa. Ni njia njema, kwa kuwa bega haliponi haraka kwa sababu kesi imekwenda miaka minne. Tahadhari yangu ni moja: usisaini karatasi yenye maneno “sitadai tena” kabla bingwa hajaandika kama bega litarudi katika hali yake au la. Shilingi laki tano za mwezi wa pili, zikitolewa kwa upole na soda juu yake, zinaweza kufunga mlango wa upasuaji wa mwezi wa kumi. Mkikubaliana baada ya shauri kufunguliwa, hati ya makubaliano isajiliwe mahakamani ili iwe na nguvu ya hukumu.

Ukishinda dhidi ya mtu binafsi na asilipe, unakaza hukumu kwa kukamata mali, na deni linazaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu tarehe ya hukumu. Dhidi ya Serikali mali haikamatwi. Unaomba mahakamani hati inayothibitisha kiasi ulichopewa, unaiwasilisha kwa taasisi husika ili iingizwe kwenye malipo, na unafuatilia. Siku hiyo pia utakuwa umesimama kwenye dirisha la masijala, na nakala yako igongwe muhuri.